Nicodemus, Kansas: ekari 160 zisizotosha

Moshi ulikuwa ukitoka ardhini. Ndicho alichokiona Willina Hickman alipofika mwaka 1878, baada ya treni kutoka Kentucky hadi Ellis, stesheni ya Kansas, na kisha siku mbili za mikokoteni katika nyika isiyo na miti, usiku wanaume wakiwasha mioto na kupiga bunduki hewani ili wanyama wasisogee. Pale Ellis surua iliingia katika msafara, na baadhi ya watoto walizikwa hukohuko. Sasa watu wakaanza kupiga kelele kwamba Nicodemus hiyo hapo. Bibi Hickman akakodoa macho, hakuona kitu. Akauliza mji uko wapi. Mumewe, mchungaji Daniel Hickman, akamnyooshea kidole kwenye vijimoshi: ule kule. Watu walikuwa wakiishi mashimoni. Alisimulia baadaye kwamba alianza kulia.

Mji huo upo hadi leo. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilikuta watu 14.

Kisa cha Nicodemus husimuliwa kwa namna ileile karibu kila mara. Weusi waliotoka utumwani walikwenda magharibi, wakajenga mji wao, reli ikawapita pembeni, mji ukafa. Hakuna uongo hapo. Lakini ukiweka ramani mezani na kupiga hesabu ya ardhi, unagundua kwamba reli haikuwa chanzo cha ugonjwa. Tatizo lilianza kwenye kipimo cha shamba.

Kwanza, taunishipi, kama hii ya Nicodemus, ni nini? Kule Kansas neno hilo lina maana mbili, na wageni wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya wapima ardhi. Tangu sheria ya mwaka 1785, Marekani ilichora nchi yake ya ndani kama daftari la hesabu: miraba yenye upande wa maili 6, yaani karibu kilomita 10, na kila mraba ukagawanywa vipande 36 vya ekari 640. Hakuna aliyeuliza mto unapita wapi au mvua inaishia wapi. Mistari ilinyooka tu. Ya pili ni serikali ya chini kabisa vijijini, chini ya kaunti, yenye mdhamini, karani na mtunza hazina wanaochaguliwa na wakazi, na kazi zake ni za kawaida kabisa: barabara za vumbi, makaburi, ukumbi. Msomaji wa Tanzania afikirie kata isiyo na diwani wala ofisi kubwa. Nicodemus haikuwahi kusajiliwa kuwa mji kamili wenye meya. Taunishipi ndiyo serikali pekee iliyo nayo.

Iko kaskazini-magharibi mwa Kansas, kaunti ya Graham, kando ya tawi la kusini la mto Solomon. Anwani yake katika karatasi za mwanzo ilikuwa ya mpima ardhi: robo ya kaskazini-magharibi ya kipande namba 1, taunishipi ya 8, safu ya 21. Jaribu kumwelekeza mama yako hapo.

Karatasi zenyewe ndizo zinazonivutia zaidi. Mwezi Aprili 1877 watu sita weusi na mzungu mmoja waliunda Kampuni ya Mji wa Nicodemus. Mzungu huyo, W. R. Hill kutoka Indiana, alikuwa dalali wa ardhi. Rais wa kampuni alikuwa mchungaji W. H. Smith, katibu mchungaji S. P. Roundtree, ambaye inasimuliwa alichomwa chapa usoni wakati wa utumwa kwa sababu alijifunza kusoma. Wakatawanya vipeperushi kusini. Cha Lexington, Kentucky, kiliwaambia weusi wa huko kwamba kwenda Kansas kutawagharimu dola 5, na kwamba anayejiunga atangulize dola moja, hata kwa kudunduliza senti 25 kwa 25.

Utumwa ulikuwa umekwisha Kentucky miaka 12 tu nyuma, Desemba 1865. Mwaka huohuo wa 1877 serikali kuu iliondoa askari wa mwisho waliokuwa wakizilinda serikali mpya za Kusini, na Kentucky kwenyewe magenge ya wazungu yalikuwa yanapiga na kuua weusi bila kuulizwa. Kule Kansas sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, mradi akae na kulima miaka 5. Mtu aliyekuwa mali ya mtu sasa anaambiwa atakuwa na hatimiliki. Senti 25 si kitu hapo.

Kipeperushi cha tarehe 2 Julai 1877 kinastahili kusomwa taratibu. Kinasema nchi ile ni nzuri kuliko zote walizowahi kuona. Udongo ni mweusi na wenye rutuba. Maji tele, chemchemi kila mahali, mawe laini ya kujengea, kuni za kutosha, na hatuna shaka makaa ya mawe nayo yatapatikana. Kampuni inajisifu kwamba ilianza na wanachama 12 na dola 3 kwenye hazina, sasa ina karibu wanachama 300. Yeyote aliyewahi kuoneshwa kiwanja kilicho "dakika tano tu kutoka lami" anaijua lugha hii.

Mawe yalikuwepo kweli. Udongo pia haukuwa mbaya. Makaa ya mawe hayakuonekana, na miti ilikuwa michache tu kando ya mto. Lakini angalia mstari wa chini, pale penye anwani ya meneja. Bwana Hill, kinasema, atapatikana Topeka Kaskazini hadi tarehe 1 Agosti 1877, na baada ya hapo atapatikana Hill City.

Hill City. Yaani katika karatasi ileile ya kuwauzia watu Nicodemus, dalali anatangaza kwamba makao yake yatakuwa kwenye mji mwingine wenye jina lake, kilomita kama 20 upande wa magharibi, kaunti ileile. Alikuwa na miji miwili mkononi. Sisemi alipanga kuua mmoja, kwani sina ushahidi wa hilo. Ila siku ambayo miji hiyo miwili ingegombea kitu kimoja, iwe ni mahakama ya kaunti au stesheni, ilijulikana mapema dalali angesimama upande gani.

Kundi kubwa la watu zaidi ya 300 kutoka eneo la Lexington lilifika Septemba 1877. Msimu wa kupanda ulikuwa umepita. Jembe la kukokotwa hakuna, farasi wa kuhesabu kwa vidole. Wengine walikasirika hadi wakataka kumnyonga Hill, na husemwa familia zipatazo 60 ziligeuza kurudi. Waliobaki walichimba kwenye miteremko, wakaezeka juu kwa matawi na udongo, wakatia bomba la moshi. Walichoma mabua ya alizeti na mavi makavu ya nyati. Mtoto wa kwanza kuzaliwa pale, Henry Williams, alizaliwa shimoni humohumo. Kumbukumbu za wenyeji zinasema majira yale ya baridi waliokolewa na Waosage, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwa wanatoka kuwinda, wakawagawia nyama. Jambo hili halipewi uzito unaostahili: Waosage walikuwa wameondolewa Kansas na serikali miaka michache tu nyuma, ardhi ikagawiwa wengine. Waliofukuzwa waliwalisha waliokuja kupewa.

Masika ya 1878 wakaanza kulima, wengi kwa majembe ya mkono na sepetu. Nyika ile haikuwahi kulimwa, na majani yake yana mizizi iliyosukana kama mkeka. Mwaka mzima wa kazi ulitoa mashamba madogo ya ekari chache kwa kila familia. Hata hivyo shule ilianza, Jenny Smith Fletcher akifundisha ndani ya handaki, na mumewe Z. T. Fletcher akashika posta. Wilaya ya shule namba 1 ya kaunti nzima ya Graham ni ya Nicodemus.

Siasa nako hawakukaa kimya. Ili kaunti iundwe rasmi ilihitajika idadi ya watu, na aliyepewa kazi ya kuhesabu alikuwa Abram Hall, kijana mweusi aliyetoka Chicago pamoja na rafiki yake Edward McCabe. Kaunti iliundwa 1880 na McCabe akateuliwa karani wake wa muda. Mwaka 1882 alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo lote la Kansas, akachaguliwa tena 1884. Kabla yake hakuna mweusi aliyewahi kuchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima la Kansas, tena jimbo lenye wazungu wengi kupita kiasi. Baadaye alihamia Oklahoma na kushiriki kuanzisha mji wa Langston. Hilo nalo ni fununu: mwanasiasa hodari kuliko wote waliopita Nicodemus hakuona sababu ya kubaki.

Kufikia 1887 palikuwa na maduka, hoteli, benki, makanisa, bendi, na magazeti mawili. Kilichokosekana ni reli. Mkulima wa ngano asiye na reli karibu anamlimia mwenye gari la farasi, maana faida yote inaishia njiani. Reli ya Missouri Pacific ilikuwa imekwishafika Stockton, mwendo wa kilomita kama 30 mashariki, na watu waliamini itaendelea. Mwezi Machi 1887 wakazi wa taunishipi walipiga kura kuidhinisha hatifungani za dola 16,000 ili kuivuta kampuni hiyo.

Hapa nitulie kidogo, maana kura hii ndiyo tendo kubwa kuliko yote ambalo serikali ya taunishipi ile iliwahi kufanya. Watu ambao miaka 10 nyuma walikuwa wakila nyama ya kugawiwa sasa wanakubali kukopa dola 16,000 na kuzilipa kwa kodi ya mashamba yao. Haukuwa ujinga. Kampuni za reli zilikuwa zikiwapiganisha wakazi wa miji midogo kote magharibi: atakayetoa zaidi ndiye atakayepita. Anayekataa kuingia mnadani amekwishashindwa, na anayeingia hana uhakika wa kushinda.

Missouri Pacific haikuja. Ilibaki Stockton. Mwaka 1888 njia iliyo chini ya Union Pacific ikatandikwa, lakini kusini ya mto, ikaweka kituo kilomita chache tu kusini-magharibi ya Nicodemus. Kambi ile ikawa mji wa Bogue. Kisha reli ikaendelea hadi… Hill City. Mwaka huohuo Hill City ikawa pia makao makuu ya kaunti. Wafanyabiashara wa Nicodemus hawakungoja. Walivuka mto na bidhaa zao, na magazeti yakafa.

Wasimulizi wengi huishia hapo, nami nilikuwa nikiishia hapohapo. Kilichonishtua ni kuangalia walioshinda. Bogue iliyopata stesheni leo ni kijiji cha watu wasiofika 200. Hill City iliyopata reli na mahakama ina watu 1,400 na ushei. Kaunti nzima ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910. Sensa ya 2020 ilikuta 2,415. Kama reli ndiyo uhai, mbona waliopata reli nao wamenyauka?

Jibu naliona kwenye ekari 160. Kipimo hicho kilitungwa na wabunge waliozoea mashamba ya Ohio na Illinois, kunakonyesha vya kutosha. Nicodemus iko karibu kabisa na mstari wa longitudo ya 100 magharibi, ambako mvua inaanza kupungua hadi kufikia hali ya kubahatisha. Mwaka 1878, mwaka uleule Bibi Hickman alipolia, mpima nchi John Wesley Powell aliwasilisha Washington ripoti kuhusu ardhi kame za magharibi. Alisema kwamba ng'ambo ya mstari huo familia ya wafugaji isiyo na maji ya kumwagilia inahitaji ekari 2,560 ili iishi, yaani mara 16 ya kile sheria ilichotoa.

Chukua mraba mmoja wa taunishipi ya wapima ardhi, vipande 36. Ukiugawa kwa sheria ya 1862 unaingiza familia 144. Ukiugawa kwa kipimo cha Powell unaingiza familia 9.

Najua Powell alikuwa anazungumzia nchi kavu kidogo kuliko Graham, na ngano ya baridi pamoja na mtama vinastahimili zaidi ya alivyodhani. Pengine namba sahihi iko katikati, tuseme 30 au 40. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno. Mji wenye maduka na magazeti ulijengwa kwa kutarajia familia 144 kuuzunguka, nchi ikawa na nafasi ya robo yao. Wengine wangeondoka tu, reli iwepo isiwepo. Bogue na Hill City zilichelewa kulipa deni lilelile.

Wanaobaki katika nchi ya namna hiyo ni wale wanaoweza kununua robo (zile ekari 160) ya jirani anayeondoka, na kisha ya pili, na ya tatu. Kwa hiyo suala si nani alikuwa mchapakazi bali nani alipata mkopo. Hapo ndipo kisa cha Nicodemus kinapoachana na cha jirani zake weupe. Katika miaka ya 1930 ukame na tufani za vumbi ziliwapiga wote sawasawa, lakini mlango wa mikopo haukuwa sawasawa. Nchi nzima ilikuwa na wakulima weusi zaidi ya 900,000 mwaka 1920. Sensa ya kilimo ya 1997 iliwakuta hawafiki 20,000. Mwaka 1999 mahakama ya shirikisho iliidhinisha fidia katika kesi ya Pigford, ambamo wakulima weusi walidai kwamba wizara ya kilimo iliwanyima au kuwacheleweshea mikopo kati ya 1981 na 1996 kwa sababu ya rangi yao. Hicho ni kipindi kinachohusika na kesi tu. Sioni kwa nini tuamini kwamba mwaka 1935 ofisi hizo zilikuwa na huruma zaidi.

Posta ilifungwa 1953. Shule nayo ikafuata.

Mwaka 1939, hali ikiwa mbaya kuliko wakati wowote tangu yale mashimo, mpango wa ajira wa serikali ya Roosevelt uliwalipa wenyeji kujenga ukumbi wa taunishipi. Wakachimba mawe ya chokaa ya palepale, yale ambayo kipeperushi cha 1877 kiliyataja, moja ya ahadi chache zilizokuwa za kweli. Ni jengo la chini, kuta nene za rangi ya siagi iliyokaa juani, halina pambo. Ungedhani hakuna kitu kisicho na maana kama kuwajengea ukumbi watu wanaofungasha.

Lakini ukumbi ulipata kazi. Kila mwaka tangu 1878 watu wa Nicodemus wamekuwa wakiadhimisha tarehe 1 Agosti, siku ambayo watumwa wa visiwa vya Karibi vya Waingereza walitangaziwa uhuru mwaka 1834. Zamani ilikuwa sherehe ya mashambani, farasi na mpira na nyama ya kuchoma. Sasa huangukia mwisho wa juma la mwisho la Julai, na wanaokuja ni wazao kutoka Denver, Kansas City, California na kwingineko, kwa mamia, katika kijiji ambacho kwa siku za kawaida unaweza kusimama katikati ya barabara ukafunga kamba za viatu. Mtoto ambaye hajawahi kulala hapo usiku zaidi ya tatu anaelezwa kwamba hapa ni kwao. Maneno hayo hayamsumbui msomaji wa Kiswahili hata kidogo. Kwetu mtu anaweza kuzaliwa na kuzeekea Nairobi na bado kwao kukawa Bungoma.

Sensa haina safu ya kuandika hayo. Ila Washington iliyaandika kwa namna yake. Mwaka 1976 Nicodemus ilitangazwa alama ya kihistoria ya taifa, na tarehe 12 Novemba 1996 Bunge likaifanya eneo la kihistoria chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, majengo matano: makanisa mawili, shule, hoteli ya zamani na ukumbi. Kazi ya kuwasukuma wanasiasa ilifanywa na wazao wenyewe, waliounda chama chao cha historia mwaka 1988. Idara inamiliki jengo moja tu kati ya hayo matano, kanisa la AME, yaani la Kimethodisti la weusi wa Marekani, la mwaka 1885. Kituo cha kupokelea wageni hakikuwa na mahali, ikabidi serikali ya Marekani iingie mkataba wa pango kwenye ukumbi ule wa mawe wa 1939. Mwenye nyumba ni taunishipi ya Nicodemus.